Mwenye nyundo haulizwi kitu

Batri ya gari ikikufa inaendaka wapi? Kwetu Lubumbashi inapasuliwa kwa nyundo ndani ya parseli, asidi inamwagwa mu mufereji, risasi ya ndani inayeyushwa pale watoto wanacheza. Moshi ule unaharibu ubongo wa mtoto.

Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inasema mradi wenye kuweza kuharibu mazingira ufanyiwe uchunguzi kwanza, tena raia waulizwe. Ni vizuri. Sasa, sisi watatu wenye diploma, bila kazi, tulitaka kufungua depo ya batri kihalali. Ofisini waliomba makuta, bila risiti, mbele ya kutuonyesha hata orodha ya makaratasi. Hatukutoa.

Tunadai orodha na bei vibandikwe kwenye mlango wa ofisi, wiki hii.