Wali wa Ziba: Mkaa au Umeme?

Wilayani Igunga, mkoani Tabora, ambako Ziba imo, mpunga hulimwa katika mbuga za udongo mweusi. Mpishi huinjika sufuria jikoni. Maji yakikaribia kukauka hupunguza moto na kupalia makaa juu ya kifuniko. Kazi hiyo yadai jicho lisilobanduka.

Sufuria ya umeme ya kupikia wali, ambayo kampuni ya Toshiba ya Japani ilianza kuiuza mwaka 1955, hujisimamia yenyewe. Maadamu maji yamo, joto halipiti kiwango cha kuchemka, yaani sentigredi 100 pwani na kama 96 katika nyanda za Tabora. Mchele ukishayanyonya, joto hupanda na swichi hujizima.

Wapo wanaodai kuwa umeme ni anasa. Hesabu haiwaungi mkono. Sufuria ya wati 500 ikiwaka nusu saa hutumia robo ya uniti. Tanuri la udongo, kwa kawaida, hula kilo 100 za kuni na kutoa mkaa usiozidi kilo 20 hivi. Na kuni hizo ni miombo ya Tabora, ambayo pia hukatwa kwa kukaushia tumbaku.

Kweli, wali uliopaliwa una utamu wake, na umeme hukatika. Basi jiko la mkaa lisitupwe, bali liwe akiba. Mkakati wa Taifa uliozinduliwa mwaka 2024 walenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lengo hilo halitafikiwa kwa hotuba, ila kwa sufuria ambayo mkulima wa Ziba aweza kuinunua baada ya mavuno.