Njia ya Kwenda Baharini

Ifikapo Desemba mabasi ya Eldoret hujaa watu waendao pwani. Sisi wa nyanda za juu, tuliozoea ukungu wa asubuhi na baridi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, twashuka Malindi kuota jua, na tukirudi hatuna neno ila sifa: hoteli kila upande, majumba meupe, mikahawa ya Kiitaliano. "Malindi imeendelea," ndivyo wasemavyo wasafiri, na wanafunzi wangu katika chuo cha ualimu huyaandika maneno hayo hayo katika insha zao. Mimi nayapinga. Kwamba Malindi imekua, nakubali. Ninalouliza ni kwamba imekua kwa ajili ya nani.

Kwanza, wako wadhanio kwamba hoteli ndizo zilizouzaa mji ule. Hasha! Mwaka 1415 twiga aliyetoka Malindi alifikishwa China akalishangaza baraza la mfalme wa huko, na mwezi wa Aprili 1498 Vasco da Gama alipokewa Malindi, akapewa rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Katika karne ya 19 mashamba yake yalitoa mtama na ufuta uliosafirishwa ng'ambo, ijapokuwa mavuno hayo, tusilifunike jambo hili, yalikuwa jasho la watumwa. Hoteli zilikuja nyuma, katika miaka ya 1930, na wageni wake walikuwa walowezi na maofisa wa kikoloni waliotoka bara kwenda kupumzika. Baadaye wakaja Waitaliano, tena kwa sababu ambayo hapana mtu aliyeitazamia: nchi yao ilisimamisha majukwaa baharini karibu na Ngomeni, na tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 ikarushwa kutoka hapo. Kazi ya anga iliwaleta mafundi, na mafundi wakauona ufuo. Leo wako vijana wa Malindi wazungumzao Kiitaliano kwa ufasaha kuliko Kiingereza walichofundishwa shuleni.

Nitaambiwa: lakini hoteli zimeleta kazi. Ni kweli, zimeleta, na mtu aliyepata mshahara hapaswi kudharauliwa kwa kuupokea. Lakini tazameni kazi yenyewe ilivyo. Pepo za kaskazi zivumapo, kuanzia Desemba, mpishi na mhudumu huitwa kazini; kusi iingiapo na mvua za masika, bahari ikachafuka na mwani ukajaa pwani, hoteli nyingi hufunga milango na wafanyakazi hurudishwa makwao. Kijana huyo hana shamba la kumngoja, maana shamba la babu yake ndilo lililojengwa hoteli. Mapema mwaka 2008, vurugu za baada ya uchaguzi zilipoutikisa hata mji wetu wa Eldoret, wageni waliihama pwani, ingawa aliyeteketezewa nyumba alikuwa mbali nao mamia ya kilomita. Tena Kenya ilipozuia ndege za abiria kutoka nchi za nje, tangu Machi hadi mwisho wa Julai 2020, sahani za Malindi zilikauka. Mji gani huu ambao chakula chake hutegemea uwanja wa ndege wa Milano?

Na bahari je? Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, na ndani yake uvuvi umekatazwa. Silaumu hilo, matumbawe yakifa, samaki nao hawana makao. Nasema tu kwamba mvuvi aliambiwa aondoe nyavu zake ili bahari ipone, naye akaondoa. Ila aliyejenga ukuta ufuoni hakuambiwa aondoe kitu.

Hapa ndipo penye uchungu. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitoa Sheria ya Hati za Ardhi, ikawataka watu wa pwani walete madai yao. Ardhi ambayo dai lake halikukubaliwa ikahesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Wamijikenda wengi, waliolima kwa desturi ya ukoo pasipo karatasi, hawakupata hati, na wajukuu wao mpaka leo huitwa maskwota katika nchi waliyozaliwa. Ninyi wa Uasin Gishu mwaujua mwaka huo. Ndio mwaka ule ule msafara wa Makaburu wa Van Rensburg ulipofika hapa na magari yake ya ng'ombe. Ardhi ya malisho ikakatwa vipande, vipande vikapewa namba, na mji wetu ukaota juu ya shamba namba 64, hata wazee wakauita kwa namba hiyo. Mtu aliyesimuliwa hayo na nyanya yake hawezi kuutazama ukuta wa Malindi akauona kuwa ni pambo tu.

Nami naliuona. Nilikuwa nimewapeleka wanachuo wangu kutazama mji, tukafuata kichochoro kati ya kuta mbili ili tufike majini. Mlinzi wa hoteli moja, ambayo jina lake silitaji, akatuzuia: njia ni ya wageni wa ndani. Alikuwapo mzee mmoja mwenye dema begani, amezuiliwa kabla yetu. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu," akajibu. "Njia hii alipita babu yangu na madema yake. Sasa mimi nazunguka mpaka kule gatini." Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 62, yasema kwamba ardhi iliyo kati ya maji yajaapo na maji yapwapo ni mali ya umma. Mchanga, basi, ni wa mzee yule, lakini kuufikia hawezi.

Wala mkosaji si Mzungu peke yake. Jambo hili wanachuo wangu hawapendi kulisikia. Katiba iyo hiyo, katika kifungu cha 65, haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi ila kwa kukodi, tena isizidi miaka 99. Raia hana mpaka huo, na siku hizi wanunuao viwanja vya ufuoni kwa pupa ni watu wa bara, wenye mahindi, ngano na nishani za mbio. Jioni ile, tulipokuwa tukila viazi karai barabarani, mwanachuo mmoja alinieleza kwa furaha kwamba mjomba wake amenunua kiwanja upande wa Mambrui, na kwamba mawe ya ukuta yamekwisha kuletwa. Nikamwuliza kama hapana watu wapitao hapo. Akasema wapo, wanawake wachuuzi wa samaki, wana kinjia chao katikati ya kiwanja. Nikamwuliza ukuta ukiisha watapita wapi. Alinyamaza kitambo, kisha akaniomba simu yangu ili ampigie mjomba.