Tairi la Theluji Linatafuta Nini Arusha?

Nimeadimika kidogo, si mnajua tena mambo ya testi na maandalizi ya kwenda kufundisha mashuleni. Leo sina stori za bumu kuchelewa wala za foleni ya kantini. Nina la moyoni, na najua kuna machalii wa hapa mjini watanuna. Wanune tu.

Hivi jamani, tairi la theluji linatafuta nini kwenye lami ya Kisongo saa nane mchana?

Msicheke. Siku ukipita kwa wauza tairi za mtumba, inama usome ubavuni mwa zile zilizotoka Japani. Usishangae kukutana na neno STUDLESS, au kialama cha mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati. Huo si mlima Meru, ndugu yangu! Hilo ni tairi la majira ya baridi. Na kuna gari zinashushwa bandarini zikiwa zimevaa hizo hizo, mwenye gari anafurahi kabisa, eti kapata gari na tairi nzima.

Sasa tuelewane. Mpira wa tairi la kawaida ukipigwa na baridi kali unakuwa mgumu na kuteleza. Ndiyo maana wenzetu wa nchi za baridi wakatengeneza tairi la mpira laini, lenye mikato midogo midogo mingi juu ya kashata ili ling'ang'anie barafu. Kule wanasema likishuka chini ya nyuzi joto 7 hivi ndipo tairi hilo linapoanza kulipa. Likipanda juu ya hapo, mambo yanageuka. Kwenye lami ya moto kashata zile laini zinayumba, gari linachelewa kusimama ukikanyaga breki, kwenye kona unahisi kama linaelea, na mpira unalika haraka kama sabuni ya mche.

Arusha yetu tunaisifia baridi, sawa. Lakini hata Julai, ile asubuhi ya makoti na kofia za sufi, mjini ni nyuzi 12 hivi. Saba iko wapi? Theluji ikidondoka huku kwetu inadondoka kule kileleni, zaidi ya mita 4,500, na hakuna kifodi kinachopandisha abiria huko.

Mtetezi wa kwanza ataniambia: "Lakini zina kashata nene bana!" Hapo ndipo mnapopigwa. Tairi la namna hiyo la Japani lina alama mbili za kulika. Ya kwanza inatokea kashata zikifika nusu. Ikitokea, Mjapani anajua tairi hilo halifai tena kwa theluji, analivua. Ile nusu iliyobaki ndiyo wewe unaiita "kama mpya". Yaani limestaafu kazi yake ya huko, huku linaajiriwa kwa kazi ambayo halikuisomea!

Halafu kuna umri. Tafuta tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT. Ukiona 3814, hilo limetengenezwa wiki ya 38 ya mwaka 2014. Mpira unazeeka hata ukikaa stoo, unakauka na kupasuka nyufa. Kashata hazitakwambia hilo.

Mtetezi wa pili: "Sisi tunapanda Nkoaranga, tunaenda Ngarenanyuki, masika ni tope tupu, tairi la theluji linasaidia." Haya, hii hoja ina akili kidogo. Lakini tope letu si theluji. Tope linanata. Ile mikato myembamba inajaa udongo, na tairi linabaki limepakwa kama chapati. Tairi la tope lina kashata kubwa zilizoachana, ili likizunguka lilitupe tope nje. Waulizeni wazee wenye Landrover za kupanda mlimani. Na tukumbuke kwamba kifodi cha Tengeru au Noah ya Usa River inashinda kwenye lami, siyo kwenye tope.

Mtetezi wa tatu ndiye ananiuma, maana anasema kweli: "Hela hakuna." Najua. Dereva ana hesabu ya bosi jioni. Lakini sisemi kila mtu akanunue tairi jipya kesho. Nasema kwa hela hiyo hiyo ya mtumba, kataa la theluji, chukua la kawaida lenye umri mdogo. Hapo umepungukiwa nini?

Na kwa kuwa nasomea ualimu wa hesabu, nawapa zoezi. Gari likiwa 80 kwa saa, kila sekunde linakula mita 22. Likiwa 50, mita 14 hivi. Sasa jumlisha tairi linalochelewa kusimama, Jumamosi ya soko Tengeru, mama kabeba ndizi anavuka, na watoto nyuma yake. Jibu mtatafuta wenyewe.

Kwa hiyo nataka mambo matatu. Muuzaji aseme wazi: hili ni la theluji. Mkaguzi wa magari asiishie kuangalia kipara, ainame asome ubavu. Na sisi abiria, hasa wasomi tunaojifanya tunajua kila kitu, tukisubiri gari lijae tusome tairi badala ya kusoma maneno yaliyoandikwa kioo cha nyuma. Ajali ikitokea tunasema ni mapenzi ya Mungu. Mungu hakuagiza tairi la theluji Arusha!

Naomba kuwasilisha. Mwenye hoja ya kunipinga aje nayo, ila aje kashasoma ubavu wa tairi lake kwanza.