Madogo wa Pirates wasihukumiwe kwa Aprili

Pittsburgh hali haikuwa shwari. Mwanzoni mwa Aprili 2025, kwenye mechi ya kwanza ya nyumbani ya msimu wa 2025, mashabiki wa Pirates waliojaa PNC Park waliimba kumtaka mmiliki wa timu, Bob Nutting, aiuze. Walikuwa na sababu zao. Wapigaji wao walikuwa hawapigi, na timu ilikuwa haijaonja hatua ya mtoano tangu 2015. Mambo yakifika hapo, shabiki wa besiboli hufanya kitu ambacho shabiki wa Simba au Yanga anakijua vizuri sana: anaacha kuangalia timu kubwa, anaanza kuulizia vijana.

Na vijana wapo wengi. Kila klabu kati ya 30 za Ligi Kuu ya Besiboli Marekani, MLB, ina timu nne za ligi ndogo chini yake, zilizopangwa kwa ngazi kama madarasa ya shule. Za Pirates ni Bradenton kule Florida, juu yake Greensboro, kisha Altoona, halafu Indianapolis ambayo ni mlango wa mwisho kabla ya timu kubwa. Chini ya zote hizo kuna vituo vya Florida na Jamhuri ya Dominika, ambako watoto wa miaka 17 na 18 wanafundishwa hata namna ya kukaa na njaa ya mpira. Msimu wao wa 2025 ulikuwa umeanza juzi tu. Lakini tayari kwenye simu za mashabiki hukumu zilikuwa zimeshatoka: huyu apandishwe leo, yule galasa, yule mwingine hela zimeliwa bure.

Wiki tatu! Hukumu ya wiki tatu.

Afrika Mashariki nayo ina mtu wake humo ndani. David Matoma, mrushaji kutoka Uganda, alisajiliwa na Pirates mapema 2023 akiwa na miaka 16, na mwaka 2025 alikuwa anapambana kwenye ngazi za chini za klabu hiyo. Ana mkono wa moto, mpira wake unakaribia maili 100 kwa saa. Mechi za huko nyingi huanza jioni, ambayo kwa Kampala ni usiku wa manane, na bado kuna watu wanakesha kufuatilia amerusha mipira mingapi na amefungwa pointi ngapi. Hilo ni jambo zuri. Tatizo linakuja asubuhi, pale tarakimu za usiku mmoja zinapogeuzwa kuwa cheti cha kufaulu au cha kufeli.

Ichukuliwe hesabu nyepesi. Mpigaji akicheza wiki tatu mfululizo atasimama na gongo kama mara 70 hivi. Akipata mapigo safi 21, yaani yale yanayomfikisha kwenye besi, wastani wake ni .300 na ataitwa nyota. Akipata 14, wastani ni .200 na watu watauliza nani alimsajili. Tofauti ya nyota na galasa hapo ni mapigo saba kwa wiki tatu. Mawili ni mpira uliodondoka nusu hatua mbele ya mdakaji, moja ni mwamuzi, mengine upepo.

Kwa mrushaji anayetokea benchi ni mbaya zaidi. Mechi ya besiboli ina ngwe tisa, na mrushaji anapimwa kwa wastani wa pointi anazofungwa kwa kila ngwe tisa. Dogo akiingia siku ya kwanza, akarusha ngwe moja na kufungwa pointi nne, wastani wake unasoma 36. Namba hiyo inatisha. Ila akirusha ngwe tisa zinazofuata bila kufungwa kitu, wastani unashuka hadi 3.60, ambao ni wa kuheshimika. Kwa mtu anayerusha ngwe moja moja, mara mbili au tatu kwa wiki, ngwe hizo tisa zinaweza kuchukua karibu mwezi mzima. Mwezi mzima dogo anatembea na aibu ya usiku mmoja.

Anayebisha amkumbuke Michael Jordan. Mwaka 1994, baada ya kuacha kikapu, mwamba yule alikwenda kucheza besiboli Birmingham, kwenye timu ya ngazi ya kati ya Chicago White Sox. Aprili ilimkuta anapiga. Alipata pigo safi mechi 13 mfululizo, wastani wake ukavuka .300, na watu wakaanza kusema huyu jamaa hakuna mchezo asiouweza. Warushaji wa wapinzani wakakaa wakamsoma, wakagundua mpira unaopinda unamsumbua, wakaanza kumpindishia kila siku. Alimaliza msimu na wastani wa .202, amepigwa straiki tatu mara 114. Mwanariadha bora kuliko wote wa zama zake, na Aprili ilimdanganya yeye na dunia nzima.

Upande wa pili yupo Willie Mays. Mwaka 1951 alikuwa Minneapolis, timu ya ligi ndogo ya New York Giants, akipiga kwa wastani wa .477 katika mechi 35. Ni wazimu. Giants wakamwita Mei. Kufika juu akasimama mara 26 za kwanza akapata pigo moja tu. Moja! Inasimuliwa kwamba alilia mbele ya kocha Leo Durocher akiomba arudishwe chini, Durocher akakataa, akamwambia kesho anacheza. Mwaka huohuo Mays akawa mchezaji bora chipukizi wa ligi yake, na alistaafu akiwa amepiga homu rani 660. Kama Durocher angekuwa na presha ya mitandao ya leo, pengine angemrudisha Minneapolis na basi la jioni.

Kwa hiyo namba za Aprili hazina maana kabisa? Hapana, zina maana kwa anayejua pa kuangalia. Wastani wa mapigo usubiri. Cha kuangalia mapema ni vitu ambavyo bahati haiviguswi sana: mrushaji anawatoa wapigaji wangapi kwa straiki tatu, na anagawa besi za bure ngapi kwa kukosa shabaha. Kwa kijana mwenye spidi kama ya Matoma, hilo la pili ndilo kila kitu. Spidi anayo tayari. Kinachoamua kama atapanda ni mpira kupita pale anapotaka yeye upite. Jioni ambayo amefungwa pointi moja lakini hakutoa besi ya bure hata moja ni jioni nzuri kuliko ile ambayo hakufungwa kitu huku amewajaza watu kwenye besi zote tatu akaokolewa na mdakaji.

Umri nao usisahaulike. Konnor Griffin, chaguo la tisa la usajili wa vijana wa 2024, alianza maisha ya kulipwa Aprili 2025 pale Bradenton akiwa bado hajatimiza miaka 19. Alikuwa anapambana na watu waliomzidi miaka miwili, mitatu, wengine waliopitia vyuo vikuu. Kijana wa umri huo akipiga vya wastani tu kwenye ngazi hiyo, ujue anaupiga mwingi. Mtu wa miaka 24 akipiga vilevile, hiyo ni habari nyingine.

Na uwanja. Timu za Dar zikipanda Mbeya zinalalamika pumzi, na hakuna anayeshangaa. Besiboli ina Mbeya yake, inaitwa Albuquerque, mji ulio juu karibu mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, ambako mpira ukipigwa unakataa kushuka. Uwanja wa Greensboro, ambako vijana wa Pirates hupita wakitoka Bradenton, nao una sifa ya kuwabeba wapigaji. Homu rani kumi za pale zisilinganishwe na kumi za kwingine.

Sasa upo uvumilivu wa kweli na upo wa ujanja, na hapa Pirates wenyewe wabanwe. Mwaka 2024 Paul Skenes alikuwa Indianapolis akiwatesa watu: ngwe 27 na kidogo, wapigaji 45 nje kwa straiki tatu, wastani wa 0.99. Namba za wiki chache, ndiyo, ila hizo hazikuwa bahati, maana mpira wake ulikuwa haushikiki. Klabu ikawa inamtoa mapema kila mechi ikisema inamjenga taratibu. Alipandishwa Mei 11, na mwisho wa msimu akabeba tuzo ya chipukizi bora wa ligi yake. Msimu wa 2025 ulipoanza filamu ilikuwa ileile, sterlingi ndiye mpya: Bubba Chandler alikuwa anakiwasha Indianapolis, mkono wake ukigonga maili 100, na klabu ikawa inamhesabia mipira kama mgonjwa anayehesabiwa vidonge.

Shabiki akiona hivyo anawaza pesa, na hawazi vibaya. Mchezaji anahitaji miaka sita ya utumishi kwenye timu kubwa ili awe huru kwenda anakotaka, na mwaka kamili wa utumishi ni siku 172. Ukimchelewesha dogo wiki chache mwanzoni, unaweza kumshikilia mwaka mzima zaidi mwishoni. Klabu inayotaka kuaminiwa inaposema "tunamjenga" ingesema inamjenga nini hasa, na lini itajua ameiva. Chandler alikuwa na miaka 22. Timu kubwa ilikuwa inapoteza mechi. Kama kulikuwa na kitu alichobakiza kujifunza Indianapolis, kingetajwa.

Lakini kwa Matoma suala ni tofauti kabisa, na hili ndilo linalouma. Subira kwenye ligi ndogo haigawiwi sawa. Skenes alisaini kwa dola milioni 9.2, Griffin zaidi ya milioni 6. Kijana aliyemezewa mamilioni hayo akiharibu Aprili atapewa Mei, atapewa msimu mzima, atapewa na kocha wake mwenyewe, kwa sababu kumuacha ni kukiri hasara. Kijana aliyeokotwa kwenye majaribio Uganda hana kinga hiyo. Tangu 2024 kila klabu inaruhusiwa wachezaji 165 tu wa ligi ndogo ndani ya Marekani, wakati zamani walikuwa 180. Kila Julai usajili mpya unaleta sura mpya, na kila sura mpya inamtoa mtu kitandani. Anayetoka kwanza ni yule aliyegharimu kidogo.

Na mshahara si wa kuweka akiba. Hadi mkataba wa kwanza wa chama cha wachezaji wa ligi ndogo ulipopatikana 2023, ngazi ya Bradenton ilikuwa inalipa kama dola 11,000 kwa mwaka. Mkataba ukaupandisha hadi 26,200. Ni afueni. Ila kima cha chini timu kubwa msimu wa 2025 kilikuwa dola 760,000. Mtu ana ngazi nne za kupanda kutoka namba moja hadi nyingine, na katikati hakuna kitu.

Pirates wanajua subira ikoje kwa mtoto wa Kiafrika, kwa sababu wao ndio waliowahi kuionyesha. Gift Ngoepe alikulia Randburg, Afrika Kusini, kwenye chumba cha jengo la klabu ya besiboli ambako mama yake alikuwa mfanyakazi. Walimsajili 2008. Hakuwa mpigaji mzuri, na hilo halikuwa siri, ila mikono yake uwanjani ilikuwa ya dhahabu. Misimu minane akapanda ngazi, akakwama, akabadili hata namna ya kushika gongo. Mama yake alifariki kabla hajafika. Aprili 26, 2017 aliingia PNC Park dhidi ya Chicago Cubs, Mwafrika wa kwanza kucheza MLB, na mara ya kwanza kusimama mbele ya Jon Lester akapata pigo safi. Wangemhukumu kwa Aprili yoyote kati ya zile nane za nyuma, siku hiyo isingekuwepo.

Wanaokesha Kampala waendelee kukesha. Watoto wa Lugazi waliokwenda Williamsport 2012, timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali za dunia za watoto, walifungua njia ambayo Matoma anaipita leo, na kuna wengine wanarusha mpira sasa hivi Uganda, na hata Dar es Salaam, wakimsubiri aseme huko mbele kukoje. Wanaoandika habari zake nao waache vichwa vya "Matoma aangukia pua" kila anapofungwa pointi mbili. Dogo ana simu. Anasoma, na anasoma akiwa peke yake chumbani, saa saba nyuma ya nyumbani.

Na wale walioko ofisini Pittsburgh, usajili wa Julai ukikaribia na orodha ya 165 ikiwa mezani, wahesabu besi za bure za Juni, wasihesabu pointi za Aprili.