Nyanya zetu wamo daftarini, tuwatafute

Kuna hoja moja ambayo haichoki kusikika katika kesi za mirathi nchini. Hoja yenyewe ni kwamba tangu enzi za mababu mwanamke hakumiliki ardhi, na kwa hivyo binti anayedai fungu lake katika shamba la marehemu babake anakiuka mila. Mwaka 2005, katika shauri la Rono, Mahakama ya Rufani ilikataa kuwapunja mabinti kwa kisingizio kwamba wangeolewa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 60, nayo ikaagiza ubaguzi wa kijinsia katika masuala ya ardhi ukomeshwe. Hata hivyo, hoja hiyo ya mila ingali hai katika mabaraza ya ukoo, ambako sheria mpya huchelewa kufika. Wanaoitoa hudai kuwa wanazungumzia historia. Basi na tuwajibu kwa historia.

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la nyanya zetu lipo, ila limefungwa. Limo katika masjala za ardhi, katika majalada ya mahakama za kadhi, na katika kumbukumbu za mabaraza ya wenyeji ya enzi za ukoloni. Anayelifungua kwa subira humkuta mwanamke ambaye ukoo wake unadhani hakuacha alama yoyote duniani.

Tuanzie Pwani, ambako tayari palikuwa na mazoea ya kuandikiana hati. Mwaka 1895 Uingereza ilitangaza himaya yake Afrika Mashariki, na ule ukanda wa maili 10 uliokuwa milki ya Sultani wa Zanzibar ukawekwa chini ya utawala huo, bila ya kufutwa sheria ya Kiislamu katika ndoa na mirathi. Mwaka 1901 ikaja sheria ya kusajili hati, na mwaka 1908 ikafuata Sheria ya Hatimiliki za Ardhi. Hii ya 1908 ilimtaka kila mwenye kudai ardhi Pwani apeleke madai yake kwa Msajili, aeleze ameipataje na kuleta ushahidi, ndipo apewe hati ya umilikaji. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai ilihesabiwa kuwa ya serikali ya Mfalme wa Uingereza.

Kwa kuwa sheria ya Kiislamu humpa mwanamke fungu la urithi, na humwachia mali yake hata baada ya kuolewa, wanawake nao walipeleka madai yao, wengine kwa kuwatuma mawakili. Ndiyo maana katika hati za Pwani hukosi kumkuta fulani binti fulani akiuza, akinunua, akirithi, akiweka nyumba rehani au akitoa wakf. Mwaka 1979 mwanahistoria Margaret Strobel alichapisha utafiti wake juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa kati ya 1890 na 1975, na tangu hapo hakuna msomi anayeweza kusema kwamba wanawake hao hawana historia ya kuandikwa.

Hati hizo zina siri ambayo mwanafunzi wa hesabu anaweza kuifichua. Chukua mfano wa marehemu aliyeacha mjane, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Mjane hupata thumuni, yaani 3 katika 24. Zinazobaki ni 21, ambazo kijana huchukua 14 na binti 7. Basi ukikuta katika hati ya shamba mwanamke mwenye 3 katika 24, mwanamume mwenye 14 na mwanamke mwingine mwenye 7, unayo picha ya jamaa nzima hata kama karani hakuandika neno moja juu ya ujamaa wao. Wajane wakiwa wawili, hugawana ile thumuni. Mjane asipokuwa na mtoto wala marehemu kuacha mtoto kwa mke mwingine, fungu lake huwa robo. Ni kweli kwamba mafungu huuzwa na kuunganishwa, na kwa hivyo hesabu peke yake haitoshi. Lakini ni dalili njema ya kumwelekeza mtafiti kwenye jalada la mirathi lenyewe.

Wako pia wanawake waliovuka mipaka ya kadhi na masjala. Katika taarifa za sheria za mwaka 1952 imo hukumu ya Baraza la Mfalme mjini London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufani kwa makoloni, katika shauri la Fatuma binti Mohamed kutoka Kenya. Shauri lilihusu uhalali wa wakf uliowekwa kwa manufaa ya ukoo. Hadi leo wanasheria hulitaja shauri hilo, ingawa ni wachache wanaotua kufikiri kwamba jina linaloliongoza ni la mwanamke wa Pwani yetu.

Hata hivyo, tusilitukuze daftari kupita kiasi. Sheria ile ile ya 1908 iliyompa mwanamke wa mjini hati yake, ilimpita mwanamke wa Kigiriama aliyelima kiunga chake bila karatasi. Shamba lake halikudaiwa kwa namna ambayo Msajili aliitambua, na uskwota unaolikabili eneo la Pwani hadi sasa una mizizi yake humo. Ukimtafuta mwanamke huyo katika hatimiliki hutamwona. Huenda ukamwona katika ripoti za maofisa wa serikali, na pengine kwa sababu tu aliwaudhi. Mekatilili wa Menza ameandikwa sana na wakoloni kwa kuwa aliwahimiza watu wake wakatae amri zao, akakamatwa mwaka 1913 na kupelekwa uhamishoni Kisii. Kwa maofisa hao, mwanamke aliyetii hakuwa na habari ya kuandikwa.

Huko bara mambo yalikuwa magumu zaidi. Kipande, kilichoanza kutumika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1915, kilikuwa cha wanaume peke yao. Kodi ya nyumba iliyoanzishwa mwaka 1901 ilihesabu vibanda, na mwanamume mwenye wake watatu alilipia vibanda vitatu. Kwa hivyo nyanya yako anaweza kuwa amehesabiwa katika kitabu cha kodi bila ya kutajwa: yeye ni kile kibanda cha pili cha mumewe. Ndiyo sababu anayemtafuta mwanamke wa bara hana budi kuanza kwa kuwatafuta wanaume waliomzunguka, yaani baba, mume, ndugu na mwana, kisha asome pembezoni mwa habari zao.

Mahakamani ndiko sauti yake husikika. Mabaraza ya wenyeji yalisikiliza mashauri ya mahari, talaka, watoto na mipaka ya mashamba. Mara nyingi mdai alikuwa mwanamume na mdaiwa mwanamume, ilhali mwanamke ndiye aliyekuwa chanzo cha shauri. Lakini alipoitwa kutoa ushahidi alisema, na karani akaandika. Mwanahistoria Brett Shadle alizitumia kumbukumbu za namna hiyo kutoka Gusii katika kitabu chake cha mwaka 2006, akaonyesha jinsi wasichana na wazazi wao walivyovutana juu ya ndoa wakati mahari yalipokuwa yakipanda. Luise White naye, katika kitabu cha mwaka 1990, alisimulia juu ya wanawake wa Nairobi ya kikoloni waliojipatia fedha zao wenyewe, wakajenga nyumba Pangani na Pumwani na kuwa wenye nyumba, wakipangisha vyumba. Mwanamke aliyejenga nyumba mjini alikuwa na mali, apende asipende ndugu yake wa kiume.

Ni lini basi mwanamke wa bara alipofutwa katika daftari la ardhi? Jibu la tarehe lipo. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulikusudia kukusanya vipande vya mashamba na kumpa kila mkulima hatimiliki yake. Aliyeandikwa kuwa mwenye shamba alikuwa mkuu wa nyumba, na kwa kawaida huyo alikuwa mwanamume. Haki ya mke ya kulima, haki ya mjane ya kubaki, na haki ya binti aliyerudi nyumbani, zote zilikuwa zikijulikana na ukoo, lakini hazikuwa na safu yake katika daftari. Kilichokuwa kimegawanywa miongoni mwa watu wengi kikawa cha mtu mmoja. Wanaosema leo kwamba mila haikumpa mwanamke chochote wanasahau kwamba hatimiliki wanayoitikisa mkononi ni mtoto wa mwaka 1954, wala si wa enzi za mababu.

Wachache walioandikwa walijua thamani ya jina lao. Katika shauri la Obiero na Opiyo la mwaka 1972, mjane aliyesajiliwa kuwa mwenye shamba alishtakiana na wana wa mke mwenzake waliodai haki ya kimila. Mahakama Kuu ilishikilia kwamba usajili ndio wenye nguvu. Mjane akashinda. Wanawake wasio na idadi wameshindwa kwa kanuni hiyo hiyo, kwa sababu jina lililosajiliwa halikuwa lao. Hapo ndipo panapoonekana uzito wa jambo hili: kuandikwa au kutoandikwa ndiko kunakoamua nani atalala wapi.

Msomaji atauliza afanyeje. Na aanzie nyumbani, kwa wazee: jina la nyanya, jina la babake, majina ya waume zake wote, kijiji, na nambari ya ploti kama ipo. Kisha asiamini tahajia moja. Jina moja laweza kuandikwa kwa namna tatu na makarani watatu, mmoja Mwarabu, mmoja Mhindi na mmoja Mwingereza. Aangalie pia kalenda. Hati za kale za Pwani huweza kuwa na tarehe za Hijria, na mwaka 1330 wa Hijria ulianza Desemba 1911. Asome majina ya mashahidi na ya majirani wa mipaka, kwa maana mwanamke ambaye hakuuza wala kununua anaweza kutajwa kuwa mwenye shamba la upande wa kaskazini.

Awe pia na heshima. Majalada ya mahakama hayakuandikwa ili wajukuu wajivunie. Humo mna talaka, matusi, na watoto waliokanwa. Pwani mna pia wanawake waliokuwa watumwa kabla ya sheria ya mwaka 1907 iliyofuta utumwa kisheria, na mirathi yao iligombaniwa na jamaa za waliokuwa mabwana zao. Anayeipata habari kama hiyo aiseme kwanza kwa wazee wake kabla ya kuisoma darasani. Lakini asiizike. Aibu ni ya waliomfanya mtumwa, wala si yake.

Jambo hili lina haraka. Tangu mwaka 2021 serikali imekuwa ikihamisha kumbukumbu za ardhi hadi kwenye kompyuta kupitia mfumo wa Ardhisasa. Ni hatua njema kwa mnunuzi anayetaka kujua mwenye ploti ni nani leo. Mwanahistoria, na binti anayetetea fungu lake, huuliza swali tofauti: ni nani alikuwa mwenyewe kabla ya huyu, na kabla ya huyo? Majibu yamo katika madaftari yaliyokwisha fungwa, ambayo mfanyabiashara hayahitaji na mchwa huyapenda. Isitoshe, sheria inaruhusu mahakama kuteketeza majalada ya zamani baada ya muda. Kabla ya jalada la mirathi au la ndoa kutiwa moto, lipelekwe kwanza kwa Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1965 kwa madhumuni hayo hayo. Na orodha za majalada zikitengenezwa upya, majina ya wanawake yaingizwe pamoja na ya wanaume, ili anayemtafuta nyanya asilazimike kupitia kwa babu.

Walimu wa historia wana kazi nyepesi ya kuanzia. Mpe kila mwanafunzi jukumu la kumtafuta mwanamke mmoja wa ukoo wake aliyezaliwa kabla ya uhuru, na kuleta karatasi moja tu inayomtaja: hati, risiti, cheti cha ubatizo au cha ndoa, au nakala ya shauri. Atakayepata amepata somo la historia, la sheria na la hesabu kwa pamoja. Atakayekosa aandike ni wapi alitafuta na kwa nini jina halimo, kwani pengo hilo nalo ni ushahidi wa jinsi daftari lilivyoandikwa. Siku baraza la ukoo litakapokutana tena na kusema kwamba kwetu mwanamke hakuwa na ardhi, wawepo vijana wa kuuliza kwa adabu: katika daftari lipi, na la mwaka gani?