Kabla Hamjabomoa Ukuta

Mwezi huu nataka tuzungumze habari za kuta za nyumba zetu. Najua baadhi yenu mtajiuliza muuguzi ana nini cha kusema juu ya matofali na zege. Lakini nyumba ndipo familia inapolala, inapopika, inapougulia na inapopona. Jinsi ilivyogawanywa ndani ni jambo la afya kama lilivyo jambo la fundi.

Siku hizi akina mama wengi wanatamani nyumba iliyo wazi ndani: sebule, mahali pa kulia chakula na jiko viwe chumba kimoja kikubwa. Wengine wameona picha kwenye simu. Wengine wana sababu nzito zaidi. Jumuiya ikikutana kwako, watu ishirini na tano wanabanana penye nafasi ya watu kumi, na waliokaa koridoni hawamwoni anayesoma Neno. Ukitokea msiba, magodoro yanatandikwa mpaka mlangoni mwa jiko. Binti akija kuposwa, nusu ya wageni wanasimama nje kama watu wasioalikwa. Na nyumba zetu nyingi za zamani zilijengwa kwa kuhesabu vyumba. Mwenye nyumba alitaka vyumba vitano au sita, vidogo vidogo, avijaze watoto au apangishe viwili. Sasa watoto wamehama, vyumba viko vitupu, na sebule ni ileile. Basi baba anasema, "Tubomoe huu ukuta." Mama anafurahi, na Jumatatu fundi anakuja na nyundo.

Mimi si adui wa nyumba ya wazi. Sisi wauguzi tumeijua siku nyingi. Florence Nightingale, aliyeuguza askari wa Uingereza katika vita ya Crimea kati ya mwaka 1854 na 1856, aliporudi kwao alipigania ujenzi wa wodi ndefu zisizo na kuta za kugawa, vitanda vikiwa pande mbili na madirisha marefu yakitazamana. Hospitali ya St Thomas ya London, iliyofunguliwa mwaka 1871, ilijengwa kwa mtindo huo, na wodi za namna hiyo zilienea hata huku kwetu. Alitaka hewa ipite kutoka upande mmoja mpaka mwingine, na pia alitaka muuguzi mmoja akisimama awaone wagonjwa wote.

Mambo hayo yanafaa nyumbani pia. Mama anayekatakata mboga huku akimwona mtoto anayetambaa ana amani kuliko yule anayeita kila dakika, "Uko wapi? Unafanya nini?" Na hewa inayopita ni kinga. Kifua kikuu hupenda chumba kilichofungwa chenye watu wengi. Hakipendi madirisha yanayotazamana.

Lakini waliofanya kazi katika wodi hizo wanajua upande wa pili. Mmoja akikohoa usiku, wote wanaamka. Mgonjwa akiletewa habari mbaya, hana pa kulilia. Ndiyo maana kuna pazia la kuzungushia kitanda, na ndiyo maana wodi hizo ziliwekewa vyumba vya pembeni kwa ajili ya mgonjwa mahututi au mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Hata aliyependa uwazi alijua kwamba kuta nyingine zina kazi yake. Ninachowaomba, akina mama wenzangu, ni kuuliza kazi ya ukuta kabla haujaanguka. Mwulizeni fundi unabeba nini, halafu mjiulize wenyewe unamsitiri nani.

Ukuta unabeba nini

Nyumba zile za kwenye picha zimejengwa kwa namna nyingine. Uzito wake unabebwa na nguzo na bimu za zege lenye nondo, na ukuta unajaza nafasi tu, kwa hiyo unaweza kuuondoa kama unavyoondoa kabati. Msanifu mmoja maarufu, Le Corbusier, alichora nyumba ya namna hiyo tangu mwaka 1914. Nyumba zetu nyingi si hivyo. Matofali yenyewe ndiyo nguzo.

Angalia nyumba ya Kiswahili yenye korido katikati na vyumba kulia na kushoto. Kuta mbili za korido mara nyingi zimebeba sehemu ya juu ya paa. Angalia pia nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu: vyumba ni virefu lakini vyembamba sana. Boriti za mikoko zilizobeba sakafu ya juu hazifiki mbali, mita mbili na nusu hadi tatu hivi, kwa hiyo ilibidi pawe na ukuta mnene kila zinapoishia. Huwezi kuuondoa ukuta huo ukaiambia boriti irefuke.

Hata tofali la kawaida si jepesi. Tofali la saruji la inchi sita, lisilo na tundu, lina kilo 30 hivi. Ukuta wa mita tatu kwa tatu unachukua matofali kama 85, yaani tani mbili na nusu, kabla hujahesabu lipu na kilicho juu yake. Ndiyo maana sipendi kusikia fundi akisema, "Mama, huu ni wa saa mbili tu."

Niwape mfano wa mbali kidogo, kwa sababu unaeleza vizuri. Asubuhi ya tarehe 16 Mei 1968, mama mmoja aliyeishi ghorofa ya 18 katika jengo jipya la Ronan Point, London, aliwasha kiberiti ili achemshe chai. Gesi ilikuwa imevuja. Mlipuko wenyewe haukuwa mkubwa sana, na mama huyo alipona, lakini ulizisukuma nje kuta za nyumba yake, na kuta hizo ndizo zilizobeba ghorofa za juu. Pembe yote ya jengo ikaporomoka kama karata. Watu wanne walikufa. Uingereza ilibadilisha sheria zake za ujenzi baada ya hapo.

Karibu na kwetu hapa, familia moja ninayoifahamu iliondoa ukuta kati ya sebule na chumba kilichokuwa cha wavulana. Fundi alibomoa mchana mmoja bila kuweka mirunda ya kushikilia juu. Sebule ikapendeza, wakafanyia kipaimara cha mtoto wao humo. Wiki tatu baadaye mlango wa chumba cha wazazi ukaanza kugoma kufunga. Kisha dari ikashuka katikati kama tumbo, na ufa wa mshazari ukatoka kwenye pembe ya dirisha. Ikabidi wahame kwa ndugu, mhandisi aitwe, paa liinuliwe kwa mirunda, nguzo mbili na bimu vijengwe. Walilipa mara nyingi zaidi ya bei ya yule fundi. Jambo linalonikaa moyoni ni kwamba bibi mzaa baba alikuwa akilala mchana chini ya dari ile kila siku.

Basi kabla ya nyundo, mtu apande darini na tochi aone kama kenchi au miti ya paa imekalia ukuta huo. Gonga ukuta: ule wa mbao au jipsamu hulia kama debe tupu, wa tofali haulii. Kama kuna ghorofa juu, tazama kama upo ukuta mwingine juu yake. Lakini msikate shauri kwa kutazama tu. Ukuta usiobeba paa unaweza kuwa ndio unaozuia ukuta mrefu wa nje usiyumbe. Mwiteni mhandisi aliyeandikishwa, na mwende halmashauri kuulizia kibali. Kama mmepanga, mwenye nyumba akubali kwa maandishi. Na mama, uwepo siku hiyo ya mazungumzo. Usiambiwe jioni kama habari.

Mhandisi akisema inawezekana, kazi ina utaratibu wake. Mirunda hutangulia pande zote mbili za ukuta, halafu bimu, halafu ndipo matofali yaliyo chini yaondoke. Zege humwagiliwa maji siku saba walau, na nguvu yake huhesabiwa kwa siku 28. Fundi anayetaka kuondoa mirunda siku ya tatu kwa sababu ana kazi nyingine, mwacheni aende huko kwenye kazi nyingine, lakini mirunda ibaki.

Ukuta wa jikoni

Hapa ndipo ninapokuwa mgumu zaidi. Kufungua sebule na mahali pa kula ni jambo jema. Kuondoa ukuta wa jikoni ni jambo jingine, na linategemea unapikia nini.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Huo ni moshi wa kuni, mkaa, mafuta ya taa na kinyesi cha mifugo. Kama bado unapikia mkaa au kuni ndani, ule ukuta na mlango wake ndivyo vinavyomkinga mtoto mchanga aliyelala kwenye kochi. Mkaa una hatari nyingine: hewa yake ya sumu, kaboni monoksaidi, haina harufu wala haionekani, na huingia kwenye damu mahali pa hewa safi. Mtu anaumwa kichwa, anasinzia, haamki. Kwa mkaa, peleka jiko uani, ukuta uwepo usiwepo.

Wenye gesi wasidhani wamemaliza. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka sakafuni na kutambaa, na sakafuni ndipo watoto wanapocheza. Jiko likiwa wazi kwa sebule, hakuna kizingiti cha kuichelewesha. Mtungi ukae nje ya ukuta, mpira upitishwe kwenye tundu, na mlango au dirisha liwepo karibu na jiko.

Halafu kuna uji na chai. Watoto wadogo wengi wanaoletwa kwetu wameungua hawakuungua na moto. Walimwagikiwa na kitu cha moto. Mlango wa jikoni uliofungwa umeokoa ngozi za watoto wengi kuliko malhamu zetu zote. Ukiuondoa mlango huo, weka kizuizi kidogo cha mbao, na mipini ya sufuria itazame ukutani. Na ikitokea, maji baridi ya bomba kwa dakika ishirini. Dawa ya meno na mafuta ya kupikia viacheni kwenye kabati.

Ukuta unamsitiri nani

Kuna mambo ambayo mhandisi hawezi kuyaona. Katika nyumba zetu wageni hawabishi hodi kwa miadi. Baba mkwe anaingia, mchungaji anaingia, mwenyekiti wa mtaa anaingia. Jiko likiwa wazi, mama anapika mbele ya macho yao wote, sufuria chafu zikiwa kwenye karo na kanga ikiwa imefungwa kwa haraka. Wapo wasiojali. Wapo ambao jikoni ndipo mahali pekee ndani ya nyumba nzima wanapoweza kukaa kimya robo saa, na wengine kulia. Wewe unajijua.

Fikiri pia juu ya binti wa miaka kumi na tatu anayetoka bafuni, ambaye zamani alivuka korido na sasa atavuka sebule. Fikiri juu ya mama mzazi wa wiki mbili anayenyonyesha, na bibi anayehitaji chombo cha haja usiku. Na kuna jambo ninalolisema taratibu kwa sababu ni la wengi: dawa za kila siku. Nimewahudumia watu walioanza kuruka dawa, si kwa ukaidi, bali kwa sababu nyumba ilijaa wageni na hapakuwa na pembe ya kumezea kidonge bila kuulizwa ni cha nini. Kabla hamjageuza chumba cha mwisho kuwa sebule, hesabuni nani ndani ya nyumba anakihitaji chumba hicho hata kama hasemi.

Zipo njia za katikati. Fungueni kidirisha kipana kati ya jiko na mahali pa kula, chenye lenta yake, chakula kipite na mama amwone mtoto. Acheni nusu ya ukuta. Pazia zito la kuvuta katikati ya sebule kubwa ni la bei ndogo na linafunguka siku ya jumuiya. Na kama haja yenu kubwa ni watu wa jumuiya na misiba, mimi kwa maoni yangu ningejenga baraza nyuma ya nyumba, nguzo chache na mabati, nisiguse ukuta hata mmoja. Hewa ya pale hakuna sebule itakayoishinda.

Mkiamua kubomoa, wapelekeni watoto, wenye pumu na wajawazito kwa ndugu kwa siku hizo. Matofali yaloweshwe maji kabla ya kupigwa, kwa sababu vumbi la saruji na mchanga huharibu mapafu, na fundi naye afunge pua na mdomo. Kama dari au paa ni la zile karatasi ngumu za zamani za asbesto, lisikatwe wala kusagwa. Ulizeni halmashauri kwanza. Rangi ya zamani inayobanduka isifagiliwe kavu, maana huenda ina risasi, na watoto huokota vipande wakala.

Baadaye, kwa miezi michache, kaguzeni nyumba kama tunavyopima homa ya mgonjwa. Mkiona ufa, wekeni alama ya penseli kila ufa unapoishia, na mwandike tarehe pembeni. Tazameni tena kila Jumapili jioni. Ufa ukivuka alama, au mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukaanza kukwama, msipake rangi juu yake. Toeni watu katika chumba hicho, mumwite mhandisi.