Waya Ukikatika, Mfumo Unafanya Nini?

Na Rehema Mlawa

Wauzaji wa mifumo ya kuhifadhi mafaili mtandaoni hupenda kutuonyesha kasi. Mimi nataka kujua waya ukikatika mtu akiwa katikati ya kazi, itakuwaje. Hapo ndipo mifumo hii, hata ile ya ukoo mmoja, inapoachana.

NFS ya Sun Microsystems, ya miaka ya 1980, ni nyepesi. Katika matoleo yake ya awali seva haikumbuki nani amefungua nini. Kompyuta yako ndiyo inayorudi kuuliza kama faili limebadilika. Seva ikizimika, kwa kawaida programu huganda mpaka irudi.

AFS ilizaliwa Pittsburgh, Marekani, Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kiliposhirikiana na IBM. Ukifungua faili, nakala hushushwa kwenye diski yako, na seva inaahidi kukuarifu mwingine akilibadilisha. Ukilifunga ndipo kazi yako inapopelekwa. Wawili wakihariri waraka mmoja, anayefunga mwisho anafuta kazi ya mwenzake kimyakimya. Hilo silikubali hata kidogo.

Coda ni mtoto wa AFS, iliyoanzishwa chuoni hapo mwaka 1987 chini ya Mahadev Satyanarayanan. Waundaji wake waliona kwamba nakala zilizowekwa kwenye diski kwa ajili ya kasi zinaweza kumfaa mtu hata mtandao usipokuwepo. Unaorodhesha mafaili unayoyahitaji na umuhimu wa kila moja, Coda inayaweka akiba. Mtandao ukipotea unaendelea kuandika, kufuta na kubadilisha majina. Kila hatua inarekodiwa, kisha inarudiwa kwenye seva mawasiliano yakirejea. Faili likiwa limebadilishwa pande zote mbili, Coda inatangaza mgongano na kulifungia mpaka lirekebishwe.

Wapo wanaouona utaratibu huo ni usumbufu. Lakini mwaka 1992 Satyanarayanan na James Kistler walichapisha vipimo vya seva za AFS za chuo chao: zaidi ya asilimia 99 ya mabadiliko yalifanywa na mtu yuleyule aliyeandika mara ya mwisho. Migongano ni nadra, na ikitokea ni haki ya mwenye kazi kuambiwa.

IBM iliachia msimbo wa AFS mwaka 2000, nayo ikaendelea kwa jina la OpenAFS. Coda haikuenea hivyo. Inaniuma, maana hadi leo nakutana na mifumo inayomwacha wa mwisho ashinde, na mwenzake asijue kilichompata.